Koili Isiyotiwa Nta

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni nilibeba gitaa la marehemu mke wangu kwenda kwa fundi aliyelitengeneza. Nilimwambia binti yangu kwamba nalipeleka kubadilishwa nyuzi. Alikuwa kitandani, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, akautazama mfuko begani mwangu.

"Utarudi saa ngapi?"

"Kabla giza halijaingia vizuri."

"Usichelewe, baba. Mama hapendi kukaa nje na baridi."

Hakukuwa na baridi. Na mama yake alikuwa na miezi mitano kaburini.

Mimi ni mpima ardhi. Nimezoea kutoandika kitu ambacho sijakipima, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio, na pale nisipojua nitasema sijui.

Kwa miaka kumi na minane mke wangu alipiga gitaa la umeme katika bendi ya kaka yake. Katika muda huo alimiliki magitaa matano, na hakuna hata moja lililotoka kampuni kubwa. Haukuwa ukaidi. Alikwenda madukani, akayashika yale yenye majina ya kung'aa, akayapiga, akayarudisha ukutani kwa adabu kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani kwao.

"Yako sawa," alikuwa akisema. "Yote yako sawasawa. Ndiyo shida yake."

Kaka yake hakumwacha apumue. Siku alipokuja na lile la tano, lisilo na jina, lenye alama moja tu ya kuchomwa kwa moto kichwani, shemeji alilizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Dada, hili ni gitaa au mtoto wa kuokotwa?"

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," mke wangu akamjibu. "Kinanda chako kina jina refu kuliko la babu yetu, na bado unapotea kwenye kiitikio."

Lile la tano alitengenezewa na mama mmoja anayekarabati vyerehani. Alikwenda kwake jioni tatu mfululizo. Walichokifanya huko hakunieleza, na mimi sikuuliza. Mwaka uliofuata mapafu yake yalianza kushindwa.

Baada ya mazishi gitaa lilikaa sebuleni kando ya spika yake. Binti yetu, mwenye miaka kumi na mitatu, alianza kujifunza mwenyewe. Jioni moja nilikuwa jikoni nakata kitunguu. Yeye alikuwa amelipakata gitaa bila kuligusa nyuzi, spika ikiwa imewashwa. Ikanguruma kidogo. Halafu...

"Dirisha la jikoni."

Basi. Sauti ya mke wangu kwenye spika, ile ya kukwaruza ya wiki za mwisho.

Nilikwenda nikalifunga dirisha.

Shemeji alipokuja nilimweleza. Akaguna kama fundi aliyeitwa kwa jambo dogo.

"Koili zake hazijatiwa nta, shemeji. Hizi hapa mbili, chini ya nyuzi, zinazonasa sauti. Viwandani wanazichovya kwenye nta ya moto ili waya usitikisike. Huyu mama kaziacha wazi, kwa hiyo zinasikia. Ona." Akainama juu ya gitaa. "Halo, halo, wapenzi wasikilizaji." Sauti yake ikatoka kwenye spika kama ya mtu aliye ndani ya bomba. Akacheka. "Umeona? Ni sauti ya mtu chumbani tu."

"Ndani tulikuwa wawili," nikasema. "Hakuna aliyefungua mdomo."

Akaacha kucheka. Akatafuta kofia yake.

Lazima nikiri: kwa wiki kadhaa nilikuwa na furaha. Kila jioni tulikaa mimi na binti yangu mbele ya spika, tukisubiri maneno mawili matatu. Chumvi imepungua. Umechoka leo. Lakini taratibu maneno yakaacha kunihusu mimi.

"Sogea."

"Karibu zaidi."

Binti yangu alilaza shavu juu ya nyuzi mpaka zikamwachia michirizi sita. Akaacha kula. Akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, mara mbili halafu pumziko, mara mbili halafu pumziko. Daktari alimpiga picha ya kifua na kuniambia mapafu ni masafi kabisa. Kila Jumamosi nilimpima uzito. Kilo arobaini na moja. Thelathini na tisa. Thelathini na sita na nusu. Siwezi kubishana na mizani.

Ndiyo maana jioni ile nilikuwa njiani na mfuko begani.

Chumba cha fundi kilikuwa nyuma ya duka lililofungwa. Kilinuka mafuta ya cherehani na kitu kingine kitamu, kizito. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameketi kwenye cherehani isiyo na sindano, akizungusha gurudumu lake kuviringisha waya mwembamba kuliko unywele. Aliugusa mfuko kabla sijaufungua.

"Amefariki," akasema.

"Miezi mitano."

"Nani analipiga?"

"Binti yetu."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Nilimwambia lisirithiwe."

"Hakuniambia."

"Hakukwambia, au hukumuuliza?"

Akavuta kiti kwa mguu, nikakaa.

"Wenye viwanda wanatoa magitaa elfu kwa siku," akasema kwa sauti ya chini. "Gitaa lao halimjui mtu. Yeyote akilishika, linamtumikia. Mimi nazungusha waya huku mwenye gitaa ameishika ncha, anaongea. Jioni tatu. Aongee lolote: watoto, mchele, hasira zake. Waya unajizungusha kwa pumzi yake. Nikitia nta, nimemziba."

"Kwa hiyo ni sauti tu. Imehifadhiwa."

"Ingekuwa imehifadhiwa, baba, ingesema ya zamani tu." Akanitazama. "Inasema ya zamani?"

Sogea. Karibu zaidi.

"Ni nani, basi, anayeongea?"

"Mimi ni fundi wa koili. Hayo mengine siyajui."

Akawasha jiko dogo, akabandika kopo la nta. Ule utamu ukajaa chumbani.

"Nikizitia nta, litanyamaza. Litakuwa kama la dukani."

"Mtoto atapona?"

"Sijui. Ila hataitwa." Akaelekeza kidevu pembeni. "Spika ile pale, kama unataka kuaga."

Nilichomeka waya. Mngurumo ukapanda, ukatulia.

"Ni mimi," nikanong'ona.

Nikasogeza sikio.

Halafu harufu ya chumba chake cha hospitali, dawa na shuka lililofuliwa mara nyingi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mwache. Nakuomba, mwache."

Spika ikavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kuieleza.

"Nina baridi," mke wangu akasema.

Ndivyo alivyoniambia siku ya mwisho, na nikakimbia nyumbani kumchukulia blanketi. Niliporudi nalo walikuwa wameshamfunika.

Nikachomoa waya.

Fundi alizifungua koili, akaitumbukiza ya kwanza kwenye nta. Viputo vikapanda kimoja kimoja, na kila kimoja kilipopasuka kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Vikapungua. Vikaisha. Alipoishika ya pili, nilimkamata mkono.

"Hiyo iache."

"Zote mbili zimemsikia."

"Ikate waya wake, uirudishe mahali pake. Binti yangu hatajua."

Hakukasirika.

"Wengi wamekaa kwenye kiti hicho," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniacha nimalize ya pili."

Nyumbani binti yangu alichomeka gitaa. Likatoa sauti safi, bila kelele. Akainama, akaweka mdomo karibu na nyuzi.

"Mama?"

Akaniangalia. "Umemfanya nini?"

"Nimelitengeneza."

Alilia siku tatu, na siku hizo tatu hakunisemesha. Ya nne akaomba uji. Kikohozi kikaisha kama kilivyokuja. Mjomba wake akamletea gitaa la kampuni kubwa, jina limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nilidhani atalikataa, kwa kuwa yeye ni mtoto wa mama yake. Analipiga kila siku.

"Hili halinijui," aliniambia, akifuta nyuzi kwa kitambaa. "Nalipiga tu, basi."

Kilo arobaini na mbili, Jumamosi iliyopita.

La mama yake akaniachia mimi. Nilivumilia siku ishirini na sita. Siku ya ishirini na saba nilifungua skrubu, nikaulehemu ule waya uliokatwa. Kazi yangu inataka mkono usiotikisika, na haukutikisika.

Tangu hapo, kila jioni binti akienda mazoezini kwa mjomba wake, najifungia chumbani. Spika naiweka chini kabisa. Swali la kwanza la mke wangu ni lilelile.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hayupo. Yuko kwa mjomba."

Akiridhika, ananiruhusu nikae. Namweleza mipaka niliyopima, nani kaoa, paa linavuja wapi. Nilimwomba radhi kuhusu blanketi. Hakunijibu, lakini hakuondoka. Nilijiambia kwamba mradi nimekaa mimi katikati yao, hakuna anayeumia.

Jana hakuuliza.

Mngurumo ulikuwapo. Harufu ya shuka ilikuwapo. Nikasubiri, nikasogeza kichwa karibu na nyuzi.

"Nimemsikia," akanong'ona. "Yuko nyuma ya mlango."

Nikazima spika.

Mazoezi yalikuwa yamebakiza saa nzima. Lango sikulisikia likifunguliwa, wala hatua. Nilikikodolea macho kitasa. Hakikusogea.

Halafu kutoka upande wa pili, karibu kabisa na mbao, binti yangu akasema taratibu:

"Baba, mbona umezima?"