Wateja Thelathini wa Jioni

“Jioni alihesabu nani?”

Mwalimu wa takwimu aliuliza bila kuinua macho. Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye safu ya pili ya jedwali. Binti aliyekaa mbele yake alibana mikono katikati ya magoti.

Darasa zima la biashara lilimwita Mpole. Kijana aliyekaa kando yake walimwita Fundi, maana nusu ya simu za darasa zilikuwa zimepita mikononi mwake. Walipendana tangu mwaka wa kwanza, na muhula huu walikuwa pia kundi la saba, wao wawili tu. Kazi yao ilikuwa kupima wateja wa duka la dawa lililo mbele ya lango la chuo wanasubiri dakika ngapi. Fundi wateja thelathini wa asubuhi, Mpole thelathini wa jioni.

“Safu ya asubuhi hii hapa,” mwalimu alisema. “Mbili, mbili, tatu, ishirini na sita, mbili. Imekaa ovyo, ndivyo watu walivyo. Sasa njooni jioni. Nane, kumi na moja, tisa, kumi na mbili. Watu thelathini, na hakuna namba iliyofuatana na pacha wake hata mara moja. Hakuna aliyesubiri chini ya dakika saba wala zaidi ya kumi na tatu. Wastani kumi kamili, hata nukta haina.”

“Labda jioni wanahudumia vizuri, mwalimu,” Fundi alijaribu.

“Duka gani la dawa lisilo na bibi mmoja aliyesahau cheti cha daktari nyumbani? Namba za kweli zinajirudia, kijana. Anayetunga ndiye anayeogopa kujirudia.”

Mpole aliinamisha kichwa. Somo hili alishalirudia mara moja. Anayekamatwa na takwimu za kubuni anafutwa chuo, na tangazo la sheria hiyo lilikuwa limebandikwa mlangoni, nyuma ya kisogo chake.

“Kwa mara ya mwisho. Nani?”

“Mimi.”

Ilikuwa sauti ya Fundi. Mpole aligeuka, lakini kijana alikuwa akitazama dirishani.

“Asubuhi na jioni, zote nilihesabu mimi. Yeye alikokotoa tu.”

Mwalimu alivua miwani, akamtazama binti.

“Ni kweli?”

Kichwa cha Mpole kiliitikia kabla hajakizuia.

“Haya. Barua ya huyu inakwenda kamati ya nidhamu saa nane mchana. Tokeni.”

Kwenye korido Fundi alitembea haraka, begi likimpiga mgongoni. Mpole alimkimbilia hadi kwenye ngazi.

“Fundi, subiri.”

“Nenda kasome.”

“Kwa nini umesema ni wewe?”

“Ulitaka nifanyeje? Umekaa pale unatetemeka kama umemwagiwa maji. Nimezitazama zile namba nikajua.” Alimgeukia, macho mekundu. “Ila ulivyoitikia, Mpole. Hata hukusita.”

Akashuka. Mpole alibaki ameshika ukuta. Saa ya korido ilionyesha saa sita na robo. Alipiga simu, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Halafu ujumbe ukaingia:

“Sina hasira ya kufukuzwa. Nina hasira kwamba siku tisa tumekaa meza moja tunafanya hizi hesabu, na hukuniambia. Kama ulikuwa mvivu ungesema tu, ningehesabu mimi.”

Aliandika: “Sikuwa mvivu.” Akafuta. Akaandika tena, akatuma, kisha akapiga. Safari hii ilipokelewa.

“Haya, kama si uvivu ni nini?”

“Niliogopa kuingia.”

“Kuingia wapi?”

“Dukani. Nilikwenda kila jioni. Nilifika hadi kwenye kizingiti, miguu ikagoma. Nikawa nakaa kituo cha basi, naandika namba za kutoka kichwani mwangu.”

“Unaogopa nini kwenye duka la dawa?”

Mpole alikaa kwenye ngazi. Wanafunzi wawili walipita wakicheka, akangoja waondoke.

“Baba yangu alifia mle.”



“Uliniambia alifia hospitali.”

“Hospitali walithibitisha tu. Tulikuwa tumefuata dawa ya presha. Foleni ilikuwa ndefu, akaniambia, mama, nenda kaninunulie maji. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta kwenye benchi, cheti mkononi. Watu wamekaa pembeni yake wanasubiri zamu, wakidhani amesinzia. Mimi mwenyewe nilidhani amesinzia. Nikamfungulia chupa.”

“Mpole.”

“Wewe ulipochagua duka lile ulifurahi sana kwamba ni karibu. Nikasema nitajikaza. Sikuweza. Nikatunga watu ambao hakuna hata mmoja aliyesubiri sana.”

Alisikia Fundi akivuta pumzi.

“Ningekwambia tubadilishe duka. Ni hilo tu. Tungepima hata kinyozi.”

“Najua.”

“Sasa unafanyaje?”

“Narudi ofisini.”

“Watakufuta. Usirudi, mimi nina ufundi wangu, nitaishi.”

“Naogopa sana,” Mpole alisema. “Lakini nimeshakuacha kwenye benchi mara moja leo.”

Akakata simu kabla woga haujamshauri vingine.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatisha. Barua ilikuwa mezani, imeshakunjwa. Mpole alisimama muda wote; alijua akikaa hatanyanyuka.

“Kwa hiyo mmenidanganya mara mbili,” mwalimu alisema. “Mara moja kwa woga, mara moja kwa mapenzi.”

“Ndiyo, mwalimu. Niandike mimi, mwondoe yeye.”

Mwalimu aliichukua barua. Mpole alihesabu pumzi zake mwenyewe.

“Kazi ya mwisho haijakusanywa rasmi hadi Ijumaa. Nilichonacho hapa ni rasimu, na rasimu naweza kuirudisha.” Akaichana barua mara mbili. “Mtakusanya upya jioni zote. Mkipata vizuri, nitawapa alama ya kupita tu, wote wawili. Na kwenye mtihani hutanisikia nikikuonea huruma.”

“Asante, mwalimu.”

“Pole kwa baba. Nenda.”

Saa kumi jioni Fundi alimkuta amesimama nje ya duka la dawa, daftari kifuani.

“Niingie peke yangu?”

“Hapana. Nishike mkono, ila usinivute.”

Waliingia. Harufu ilikuwa ileile, ya spiriti na maboksi. Mfamasia, mama mnene mwenye koti jeupe, aliinua kichwa, akamtambua Mpole, akaacha kuhesabu vidonge.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Benchi tulilisogeza dirishani. Kaeni.”

Mpole alikaa, akafungua daftari. Alitaka kukimbia mteja wa kwanza alipoingia, na wa pili. Wa sita alikuwa mzee mwenye fimbo, cheti chake kilikosewa, ikabidi daktari apigiwe simu. Dakika kumi. Ishirini. Mpole hakumwondolea macho. Mzee alipofumba macho, Mpole alisogea mbele kwenye benchi.

“Mzee, hujambo?” alimwita.

“Sijambo, binti. Nimechoka tu na nyie mnaonitolea macho.”

Fundi alijifanya anakohoa. Dawa ilipotoka, Mpole alitazama saa na kuandika: arobaini na moja.

“Imeharibu wastani wote,” Fundi alinong’ona.

“Iache hivyohivyo.”

Alifuta uso kwa kiganja. Fundi alisogea karibu.

“Tukimaliza chuo nataka kwenda kwa mama yako. Kuposa.”

Mpole alimtazama. 

“Uwezekano wa kukubaliwa unauonaje?”

“Sijui. Sijawahi kuposa, sina sampuli.”

Mpole akacheka, kwa sauti, mle ndani, hadi mfamasia akageuka. Mlango ukafunguliwa, mteja wa saba akaingia, na Mpole akaandika saa.