Dirisha la Juu, Nyumba ya Tatu

Saa kumi na mbili jioni Elinami alitoka hotelini kwake Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, kwenda kuchukua picha ya nyumba yake, na kwa jinsi alivyovaa ungedhani anakwenda kuposa. Suti ya kijivu. Viatu vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Msimlaumu. Mtu wa Mwika akishamaliza ghorofa kwao hatembei tena kama sisi wengine. Hutembea katikati ya njia, wenye haraka wampishe.

Kando yake alikuwa Sia, binti wa Marangu aliyekuja China kwa ufadhili kusomea usanifu wa majengo. Elinami alimchukua kila alipohitaji mtu wa kumtafsiria Kichina, kwa sababu Kichina chake yeye, baada ya miaka tisa ya kununua jinzi, kilikuwa maneno matatu: bei gani, ghali mno, sitaki.

"Mangi, ni picha tu," Sia alimwambia, kwa utani wa kumwita chifu. "Nyumba yenyewe imebaki Mwika."

"Ingeingia kwenye kontena ningeileta. Wewe subiri nipate kontena la saizi yake."

"Halafu utaishi wewe?"

"Ataishi Mama."

Hapo ndipo utani ulipokwisha kidogo. Kwa miaka tisa Elinami hakuwa amekwenda nyumbani. Kila Desemba, wenzake walipopanda kwenda Kilimanjaro, yeye alikuwa na mzigo bandarini, au viza, au homa, au vyote. Mama yake alikaa akimsubiri kwenye nyumba ya mbao inayovuja. Basi alipozidiwa na aibu akaamua kujenga.

Na fundi wa kwetu, mnajua, humpi ramani. Unampa picha. Unamwambia, "Nataka kama hii," naye anakuna kichwa, anaanza kuchimba msingi.

Picha alikuwa ameitoa kwa Sia. Binti huyo alikuwa akiandika tasnifu kuhusu vitongoji vya Guangzhou vya miaka ya hamsini, na siku moja alikuwa akipitia picha za kumbukumbu za chuo kwenye kompyuta, Elinami akichungulia begani. Picha nyeusi na nyeupe. Barabara mpya isiyo na gari hata moja, miti michanga imefungwa kwenye vijiti, na safu ya nyumba za ghorofa moja zenye roshani za mviringo. Sia alimweleza kwamba zamani huko kulikuwa nje ya mji. Nyumba zilijengwa kwa fedha za Wachina waliokwenda kutafuta maisha ng'ambo, ili wazazi wao wakae mahali pazuri wakiwangoja.

"Hawa watu ni Wachaga," Elinami alisema kwa mshangao wa kweli. "Nipe hiyo ya tatu."

Nyumba ya tatu ilikuwa na mtu. Dirisha la juu, upande wa kulia: mama mzee, mkono mmoja umeinuliwa kwenye kioo. Elinami hakumjali. Aliituma picha kwa mdogo wake Erastus na agizo moja. Kila kitu kama kilivyo, usipunguze. Erastus alipiga simu kulalamika kwamba dirisha la juu upande wa kulia litatazamana na ukuta wa udongo wa mlima, halitaona hata mgomba.

"Nimesema kama kilivyo!"

Basi likawekwa.

Duka la picha lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Mwenye duka, laoban kama tunavyowaita matajiri wote wa huko, alikuwa mzee mchangamfu wa kupigana mabega. Jioni hiyo hakumpiga mtu bega. Alizitoa picha mbili kubwa akaziweka mezani kifudifudi, akarudi nyuma hatua tatu na kufuta mikono kwenye suruali.

Elinami alikuwa ameagiza zote mbili, ya zamani na ya Mwika aliyoipiga Erastus Jumatatu, azitundike pamoja ukutani kama babu na mjukuu. Akaigeuza ya kwanza.

Ghorofa yake. Nyeupe, ina roshani ya mviringo, na nyuma yake mlima. Akacheka mpaka machozi. Erastus hakukosea hata tofali. Na pale juu, dirisha la kulia...

Mama yake.

Amesimama. Mkono mmoja kwenye kioo.

"Tazama Mama alivyopanda juu kujidai!" alisema. "Hata kilemba hajavua."

Sia hakucheka. Alikuwa amegeuza picha ya pili, ile ya zamani, na ameinama juu yake kama mtu aliyeangusha lenzi ya jicho.

"Kaka Elinami." Hakusema Mangi. "Yule bibi yuko wapi?"

Barabara ilikuwapo. Miti ilikuwapo. Nyumba ya tatu ilikuwapo, na dirisha lake la juu. Lilikuwa tupu.

"Amefuta," Elinami alisema. "Muulize laoban kwa nini amenifutia bibi."

Sia aliuliza. Mzee alijibu kwa sauti ndogo, bila kusogea.

"Anasema hakufuta kitu. Asubuhi alipoichapa mtu alikuwapo. Mchana hakuwapo. Anasema tuziondoe dukani."

"Mashine yake mbovu."

"Ninazo picha kumi na mbili za nyumba ile," Sia alinong'ona. "Miaka tofauti. Bibi yumo kwenye zote. Dirisha lilelile. Nilidhani ni desturi, mpiga picha akija watu wanasimama... Nyumba yenyewe waliibomoa mwaka jana. Pale sasa kuna mnara wa ghorofa thelathini na mbili. Ile nyumba imebaki mahali pawili tu. Kwenye picha... na kwenu."

Elinami alitoa simu. Vidole vilikosea namba mara mbili. Guangzhou ilikuwa inaingia giza, taa zinawaka. Mwika ilikuwa saa saba unusu mchana, saa ya jua kali na ndizi jikoni. Mama yake alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mwanangu."

"Mama, shikamoo. Hujambo? Umekula?"

"Marahaba. Sijambo. Mbona leo umechelewa kutoka?"

Elinami alibana simu sikioni.

"Kutoka wapi, Mama?"

"Hapo unapolala. Nimeona taa zinawashwa nikasema, sasa atatoka. Giza limeingia vizuri leo. Mvua ya jana ilinitesa, sikukuona kabisa."

Jana yake mvua ilinyesha Guangzhou.

"Mama... uko wapi?"

"Niko dirishani. Ee, kuna taa nyingi, Elinami! Na barabara inapita juu ya barabara nyingine. Umevaa suti. Umependeza. Huyo binti ni nani?"

Sia, aliyekuwa ameegesha sikio kwenye simu, alijitupa nyuma akagonga rafu ya fremu. Elinami aligeuka kutazama nje. Kichochoro. Nguo zimeanikwa juu. Watu wanapita na mifuko. Hakuna dirisha lolote lenye mtu.

"Mama, shuka chini. Nenda ukale."

"Nikishuka sitakuona."

"Shuka, Mama, nakuomba!"

"Miaka tisa," alisema mama yake kwa upole, bila lawama, na hilo ndilo lililomchoma. "Miaka tisa sikukuona hata kivuli. Sasa nakuona, unaniambia nishuke? Kale wewe kwanza."

Simu ikabadilisha mkono. Erastus alikuwa akihema.

"Kaka, ndiyo nakupigia tangu asubuhi hupatikani! Tangu Jumatatu hajashuka. Hajala. Maji tunamnywesha kwa kijiko. Mwanzoni nilidhani furaha ya ghorofa. Tumejaribu kumbeba wanaume wanne. Wanne, kaka! Mama ambaye mimi peke yangu nambebaga mgongoni kwenda zahanati. Miguu haiinuki. Na mle chumbani..."

"Sema."

"Nje jua linawaka. Mle ndani ni usiku. Nimeingia na tochi."

"Dirisha linaonyesha nini?"

"Udongo. Mimi naona udongo tu."

Daktari wa zahanati alikuwa amekuja. Alisema moyo unadhoofika. Akiendelea hivyo hatamaliza wiki. Mchungaji alikuwa ameomba mpaka sauti ikamkauka.

"Nakuja kesho," Elinami alisema.

Alipoyasema alijua ni uongo. Pasipoti yake ilikuwa ofisi ya viza, ameipeleka juzi, siku kumi za kazi. Bila pasipoti hata treni ya kwenda Beijing hapandi vizuri, sembuse ndege. Mtu mzima, suti mwilini, anasimama kwenye duka la fremu na hawezi kwenda kwa mama yake.

"Kaka, umesikia? Mimi nifanye nini?"

"Vunja dirisha."

"Jipya hili?"

"Erastus, chukua nyundo!"

Wakasikia hatua zikipanda ngazi. Mlango. Kisha pumzi tu, na sauti ya Mama akiimba kidogo kidogo, kama anayebembeleza mtoto. Elinami alikuwa ameishika picha ya Mwika kwa mkono wa kushoto.

Nyundo ikagonga mbao.

"Mkono wangu!"

Kilio kile cha Mama kilitoka kwenye simu na kikakata duka zima. Laoban hakujua Kiswahili, lakini aliziba masikio.

Elinami alitazama picha. Mkono ulioinuliwa kwenye kioo ulikuwa umeshuka. Umening'inia. Umepindika mahali ambapo mkono haupindiki.

"Acha! Acha, Erastus, acha!"

"Mimi sikumgusa, kaka... nimegonga fremu... wallahi sikumgusa..." Erastus, Mlutheri wa kwaya, anaapa kwa wallahi. Halafu akalia kama mtoto, na simu ikakatika.

Walirudi hotelini. Elinami alizibeba picha chini ya kwapa, zimefungwa kwa gazeti, akawa hajui azishike vipi; akizibana anamuumiza, akizilegeza zitaanguka. Alipita pembeni kabisa mwa njia. Kila mwenye haraka alimgonga.

Mapokezi alikuwapo yule dada wa zamu ya jioni, ambaye kila siku humcheka Elinami kwa Kichina chake cha sokoni. Leo alisimama kwa adabu na kusema jambo refu.

Sia alimwomba arudie. Akarudia.

"Anasemaje?"

"Anasema..." Sia alimtazama tena yule dada. "Anasema mama yako amefika. Amempa ufunguo."

"Mama yangu. Mimi. Mweusi hivi."

"Nimemuuliza. Anasema bibi mzee wa hapahapa, wa Guangzhou. Alitaja chumba chako. Alisema amemngoja mwanawe muda mrefu sana, mwishowe ameweza kutoka."

Elinami alimtazama yule dada. Hakuwa anatania. Alikuwa anatabasamu kama mtu anavyotabasamu akiona familia imekutana.

Lifti ikafunguka. Sia hakusogea.

"Kaka Elinami, nakuheshimu kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini hiyo lifti sipandi. Njoo tuondoke. Twende popote."

"Popote nitakapokwenda Mama ataniona?"

Sia alirudi hatua moja nyuma.

"Na nikienda asiponiona... atafanyaje?"

Elinami akapanda peke yake.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Harufu ilimfikia kabla hajausukuma: harufu ya kabati lililofungwa miaka mingi, nguo zilizokunjwa zisivaliwe. Na chini yake, mvuke wa wali.

Tik... tik... Kijiko kwenye bakuli.

Yule bibi wa pichani: mdogo wa umbo, mgongo umepinda, nywele nyeupe zimebanwa nyuma. Shati lake lilikuwa la kijivu. Uso wake wa kijivu. Mikono ya kijivu, kama hakuna aliyekumbuka kumpaka rangi. Jinzi zote za sampuli zilikuwa zimekunjwa kitandani kwa mpangilio. Slipa za Elinami zimewekwa mlangoni, tayari kuvaliwa.

Aligeuka. Akamwona. Uso ule ukafunguka kwa furaha ambayo Elinami hakuwahi kuiona kwa binadamu yeyote, na akalitamka neno moja. Halikuwa miongoni mwa maneno yake matatu. Hakuhitaji mkalimani.

Bibi alimwendea. Akamshika shavu. Baridi... baridi ya kioo cha dirisha.

Elinami alitaka kukimbia. Miguu haikuinuka. Wanaume wanne wasingeiinua.

Simu ikalia mfukoni.

"Elinami." Sauti ya Mama ilikuwa imechoka sasa, ina maumivu ndani yake. "Nimekuona umeingia. Pazia liko wazi, nashukuru. Mkono unaniuma kidogo. Huyo mama anayekushika shavu ni nani?"

Bibi naye aliisikia sauti ile. Alitazama dirisha la chumba, akatazama giza nje yake kwa muda, kama mtu anayemtambua mwenzake ng'ambo ya barabara. Hakuna chuki. Alimwinamia kichwa kwa heshima. Kisha akaenda kulishika pazia.

"Usifunge!" Elinami alipiga kelele. Kisha wazo likamjia, akalishikilia kama kamba: akifunga, Mama hataona; asipoona atashuka; akishuka atakula. Akanyamaza. Akaacha. Mungu amsamehe, aliacha.

Pazia likajongea taratibu. Likafika mwisho.

Elinami alisubiri kusikia hatua. Ngazi. Sauti ya Erastus akishangilia. Chochote.

"Mama? Umeshuka?"

"Amefunga," alisema mama yake. Hakuwa na hasira. "Si kitu, mwanangu. Siku moja atafungua. Nitasubiri hapahapa."