Mlango Uliozibwa

Siku Dafrosa alipokutana na Octavian kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Gongoni, mtaa mzima ulijua kabla chai haijapoa. Gauni lake lilikuwa la kitenge cha manjano, na alikumbatia ndoo mbili za rangi.

"Dada, hiyo ni ya ukuta gani?" Octavian, fundi ujenzi, akauliza, penseli sikioni, vumbi la saruji kwenye kope.

"Wa nyumba aliyoniachia bibi yangu. Tofali mbichi, miaka sabini."

"Bibi wa miaka sabini humpaki poda kabla hujampima homa."

Dafrosa alicheka mpaka ndoo moja ikamponyoka.

Zikaanza simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula vumbi. Sauti yako ndiyo mboga."

Jambo moja tu Dafrosa hakumwambia. Kila siku, saa kumi alasiri, ukuta wa sebuleni uligongwa. Mara tatu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake.

Octavian akaleta makadirio: milioni nne za kazi na, chini kabisa, laki nane "za yaliyojificha."

"Yepi hayo?"

"Ningeyajua yasingekuwa yamejificha. Nyumba kongwe haikuambii yote siku ya kwanza."

Mama Siwema, jirani aliyezeekea mtaa ule, alipoipata habari hiyo hakutafuna maneno. "Laki nane za kisichoonekana? Mwanangu, kinaonekana. Kiko Urambo, kina watoto wawili."

Dafrosa akapiga simu. "Laki nane mtafutie mkeo wa Urambo kwingine. Kwangu usikanyage."

"Urambo nina dada, na wapwa wawili," Octavian akasema. "Ungeuliza tu." Akakata.

Kiburi kikamzuia Dafrosa kupiga tena. Zile laki nane akanunulia vigae vya sebule, vya kung'aa, aonekane hajaumia.

Wiki ya tatu, saa kumi, ukuta uligongwa mara tatu. Ya tatu ikaupasua kutoka dari mpaka sakafuni.

"Octa," alisema simuni, "nyumba inaniangukia."

Alikuja na vumbi lake, hakuuliza kitu. Akagonga kwa nyundo. Ukuta ukaitika utupu. Alipokwangua plasta, fremu ya mlango ikatokea, imeliwa na mchwa, tundu lake limezibwa kwa tope bila boriti juu. Kwenye msumari, ndani ya nafasi iliyoachwa nyuma ya tope, ilining'inia kofia ya kiume.

Mama Siwema, aliyekuwa amekuja kuutazama ufa, akakaa chini.

"Babu yako alipanda treni ya Mpanda kutafuta kazi. Akaacha kofia iwe ahadi, akasema akirudi atagonga mara tatu. Bibi yako alingoja miaka tisa, halafu akauziba mlango kwa mikono yake. Mimi nilikuwa binti mdogo, nikimchotea maji ya tope." Akajifuta uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Na yale ya Urambo, nilisikia nusu, nikaongeza nusu. Nisameheni, wanangu."

"Tope limeshindwa kubeba paa," Octavian akasema. "Panataka zege na nondo. Zile laki nane zipo?"

Dafrosa akaonyesha maboksi pembeni. "Ndizo zile. Sijafungua hata moja."

"Muuza duka atayapokea, arudishe pesa. Sakafu ya saruji inanitosha."

"Wewe? Kwani utakaa wewe?"

"Ukinikaribisha. Nitaleta washenga kwenu Usoke."

Dafrosa akaugeukia ukuta. Alisema tu, "Usiuzibe tena. Weka mlango."

Zege likamwagwa, likakauka, mlango wa mninga ukasimama. Siku Octavian alipokwenda dukani kufuata kitasa, saa kumi ilimkuta Dafrosa peke yake sebuleni. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Octa, acha utani, sukuma tu."

Simu yake ikaita mkononi. "Mpenzi, kitasa cha shaba au cheusi? Bado niko dukani."

Nywele zikamsimama. Akatazama kofia iliyorudishwa msumarini, akaenda, akaufungua mlango wazi. Nje palikuwa na jua na vumbi jekundu, hapana mtu. Upepo wa baridi ukampita begani, ukaingia ndani.

"Karibu, babu," akanong'ona. "Umechelewa."

"Unaongea na nani?" Octavian akauliza simuni.

"Cha shaba," akasema Dafrosa. "Na hao washenga waje. Wewe usinichelewee."