Mchina Asiye na Mdomo

Sahani ilitoka tanurini na rangi ambayo karakana nzima, pale Bristol, haikuwa nayo: nyekundu ya nyama.

Kezia Thorley aliigeuza kwenye mwanga. Mchina aliyemchora juu yake alikuwa amekaa kwenye nyasi za buluu kama kawaida, joho hadi miguuni, macho nukta mbili. Lakini alikuwa na mdomo. Na Kezia hakuwahi kuwachorea Wachina wake midomo. Bosi, Bwana Pocock, mtu aliyeijua China kwa kunywa chai tu, alishakataza.

"Mdomo wa nini? Anakula nini humo? Chapuchapu, dada, nyasi zinakusubiri!"

Waliokuja kununua sahani walikuwa na midomo ya kutosha, eti.

"Nani kanichezea?" Kezia aliuliza.

"Labda Mchina wako kachoka kukunyamazia," wenzake wakacheka.

Kezia akaificha sahani ndani ya aproni, akaenda nayo nyumbani. Uji wa bintiye Dorkas ulikuwa mezani, haujaguswa. Mtoto kajikunyata nyuma ya kitanda, mikono usoni. Kezia akaitoa ile mikono. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Ngozi tu, laini, inang'aa kama sahani.

Ndani ya aproni, sauti ya Dorkas ikasema, "Mama, nina njaa."

Bibi Yeo, mganga wa mtaa wa pili, alipoletwa hakuvuka kizingiti. Chumba kilinuka nyasi mbichi na udongo ulioungua.

"Niivunje, Bibi?"

"Uvunje mdomo wa mwanao? Kitu kimeingia humo kikakuta hakina pa kusemea. Kikachukua wa mtu wako wa karibu."

"Basi nakichorea wake, sasa hivi!"

"Kwenye sahani iliyokwisha kuchomwa? Mchoraji gani wewe?" Bibi Yeo alinong'ona, akirudi kinyumenyume. "Hakirudishi mpaka kibadilishiwe kwa mdomo mwingine." Akaondoka bila kuaga.

Kezia alichora hata hivyo, kwa rangi, kwa masizi, kwa damu ya kidole chake, na kila alichochora kilichuruzika na kudondoka sakafuni, huku sahani ikilia "Mama, maji" na kifua cha mtoto kikipanda taratibu, kikishuka taratibu zaidi, mpaka akaacha kusali, akaacha kutukana, akaiinua sahani kwa mikono miwili, akaubusu ule mdomo mdogo wa moto, akahisi unambusu.

Dorkas akapiga ukelele. Meno yote, ulimi wote, uhai wote.

"Mama! Mama, nimeweza!"

Kezia aliiweka sahani mezani, akainama, viganja vimeziba uso, mabega yanatikisika.

"Mama, unalia? Toa mikono. Mama, mbona hunijibu?" Mtoto akavuta kidole kimoja, akachungulia, akaruka nyuma. "We nani? Mama yangu yuko wapi?"

Mezani, sauti nzuri ya Kezia, ileile ya kumbembelezea, ikajibu:

"Niko huku, mwanangu. Njoo, usimwogope huyo."

Dorkas akakimbilia mezani.