Sauti ya Mwalimu

Msusi alikuwa peke yake saluni, mchana, akifagia nywele zilizoanguka, alipomsikia mteja wao waliyemwita Mwalimu akicheka nyuma yake. Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mwalimu alikuwa ameshaondoka tangu asubuhi, mtandio umemshuka hadi kwenye nyusi kama kawaida yake, maana alikuwa amemkimbia mume aliyeapa kumuua, na anapoishi walipajua wanawake wa saluni tu.

Kicheko kilitoka rafuni, kwenye spika ile inayojibu ukiisemesha.

Spika hiyo aliileta dada yake msusi, mwenye saluni. Alipewa bure na mchuuzi mmoja. Ilipiga muziki, ilikumbusha miadi ya wateja. Siku ya kuiwasha iliuliza maswali mengi, naye akajibu yote "nakubali" bila kusikiliza, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kichwani mwa mteja.

"Dada, kile kitu kinacheka," msusi alinong'ona dada aliporudi.

"Umeme huo. Kunywa maji upumzike."

Lakini ikaja harufu, ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na shampuu zote za pale hazikuweza kuifunika.

Jumamosi saluni ilijaa. Mwalimu alikuwa amesukwa nusu kichwa spika ilipoanza kuongea kwa sauti yake, polepole, kama mtu anayeelekeza mgeni njia, ikataja mtaa anaolala, ikataja rangi ya mlango na dirisha la nyuma lisilo na komeo, na kila iliponyamaza kuvuta pumzi, sauti ya mwanamume ilisikika kwa mbali ikiitikia, "Endelea."

"Ni yeye," Mwalimu alisema. "Ni mume wangu."

Dada akachomoa waya. Spika ikaendelea kuongea.

"Wewe ni nani?" msusi aliuliza.

"Nilikuwa nikikaa visimani," ilijibu, safari hii kwa sauti ya dada mwenyewe, "nikila maneno ya watu waliodhani wako peke yao. Nilikuwa na njaa sana. Sasa mnanikaribisha ndani, mnanipa na rafu ya kukalia."

Msusi akashika kiti akitaka kuiponda. Dada akamzuia mkono.

"Ukiivunja itahamia kwingine. Mimi ndiye niliyeikubali." Akasogea mpaka harufu ile ikamwingia kooni. "Sasa sikubali. Toka."

Ikacheka kwa sauti za wateja wote kwa pamoja, wazee kwa wasichana, hata marehemu mmoja waliyemzika mwaka uliopita.

"Nikitoka, mumeo atajua unakokwenda kila Ijumaa."

Dada hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mwambie. Ninakokwenda ni kwangu mimi. Hukunipa wewe, na ukipiga kelele mji mzima bado hakutakuwa kwako. Sikubali."

"Sikubali," msusi akasema.

"Sikubali," akasema bibi aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, na aliyemfuata, na aliyekuwa mlangoni akisubiri zamu, hadi Mwalimu akasimama, nusu ya nywele zake timutimu, akalisema neno hilo usoni mwa kile kitu kama anayemfukuza mwanafunzi mkorofi darasani. Spika ikapasuka. Maji meusi yakachuruzika rafuni, na harufu ikakatika ghafla.

"Kaa nikumalizie," msusi alimwambia Mwalimu. "Huwezi kuhama na kichwa hicho."

Walimhamisha alasiri hiyohiyo, wanawake peke yao, magodoro vichwani. Mume wa Mwalimu alipofika na kuvunja mlango, alikuta chumba kimefagiliwa.

Ijumaa dada alivua aproni, akachukua mkoba wake, akatoka. Wateja walimwona akivuka barabara. Mmoja alifungua mdomo, msusi akamtazama, naye akaomba kioo ajiangalie kisogo.