Panda Twende Nyumbani

Mwaka wa sabini na sita Chakol nzima ilikuwa na pikipiki moja, na mwenyewe alikuwa Okedi. Mkinibishia, haya, zilikuwa mbili. Lakini ya pili ilikuwa ya padri, na hiyo ilikohoa kuliko kukimbia.

Jioni moja Okedi alirudi kutoka Malaba na plagi mpya na viraka vya tyubu, jua likizama upande wa Uganda, akaanza kufunga mizigo. Safari ya Lodwar. Siku nne njiani, kulala porini chini ya turubai.

Haikuwa starehe. Kaka yake Ikapel alifia huko kwenye kazi ya barabara, akazikwa huko huko. Tangu habari ifike, mtoto wa Okedi, Alupo, wa miezi mitano, alikataa titi. Aliishi kwa uji mwepesi wa kijiko, na nusu aliutema.

"Ikapel anataka kurudi," mama yao, Akurut, alisema. "Usipomleta, atamchukua mtoto."

Akampa masharti. Mizigo yote ikae ubavuni na juu ya tangi. Kiti cha nyuma kiwe kitupu. Akifika kaburini ataje jina la Ikapel, na la baba yake, na la babu yake. Ndipo aseme: panda twende nyumbani.

Basi Okedi akafunga. Jerikeni ya petroli kushoto, sufuria na unga kulia. Pampu. Blanketi mbili, moja yake, moja ya marehemu. Akakaza kila kitu kwa mpira wa tyubu mpaka vikaacha kucheza.

Mkewe Akiror alisimama mlangoni, mtoto begani kama kitambaa.

"Utaweza, Baba Alupo?"

"Mimi? Mimi nimevuka mto Turkwel umefurika, mamba wananipisha njia!"

Akiror hakucheka. Siku nyingi alikuwa hajacheka. Okedi akataka kumchekesha, basi akakipiga kofi kile kiti kitupu, akapaza sauti kama utingo anayeita abiria:

"Haya bwana! Panda twende nyumbani!"

Akiror akacheka kidogo.

Springi za nyuma zikalia.

Kwiiii…

Kiti kikashuka. Polepole… kama mtu anayekaa kwa adabu kwenye gari la wenyewe.

Ikaja harufu. Maji ya mto, na nguo zilizolowa siku nyingi. Mbwa akajikunyata chini ya ghala.

"Nani hapo?" Okedi alinong'ona.

Jibu lilitoka karibu na sikio lake.

"Webale nnyo, ssebo."

Asante sana, bwana. Kiganda safi. Na Ikapel, maisha yake yote, hakujua Kiganda hata cha kuulizia ndizi.

Akurut akatoka jikoni mbio.

"Umetaja jina?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nafanya mzaha…"

"Mzaha! Na huko ng'ambo, Uganda, watu wanatupwa mtoni kila siku bila kaburi! Wanasikiliza wote, Okedi. Wanangoja mtu awaambie neno hilo."

"Nimfanye nini sasa?"

"Umemwahidi nyumbani. Mpeleke kwao. Ikapel hawezi kupanda kiti chenye mtu."

Alupo akalia, sauti nyembamba ya paka mchanga. Kisha akanyamaza katikati ya kilio.

Okedi hakufungua mizigo. Akapiga kiki, akashika njia ya panya kuelekea mtoni, pikipiki imeinama nyuma kama imebeba gunia mbili za mahindi.

Alirudi siku ya tatu, mchana. Kiti kimeinuka. Hakuna harufu. Yule Okedi wa mamba alikaa chini, viatu vimejaa majivu.

"Ulimfikisha?" Akurut aliuliza.

"Alinigusa bega. Kushoto… kulia… mpaka kwao."

"Halafu?"

"Hakuna nyumba, Mama. Wameichoma. Hakuna mtu. Hata migomba imeungua."

"Akashuka?"

"Alishuka. Akazunguka pale… nilisikia majivu yakikanyagwa. Mara tatu akazunguka."

"Akabaki huko?"

Okedi akavua kiatu kimoja, akakung'uta majivu.

"Okedi. Nakuuliza, akabaki?"

Hapo Akiror akapiga kelele ndani ya nyumba. Kelele za furaha.

"Ananyonya! Njooni mwone, ananyonya!"

Wakaingia mbio. Kweli, Alupo alikuwa kwenye titi la kushoto, anavuta kwa nguvu, jasho puani. Okedi akapiga magoti. Akurut akashika ukuta.

"Mhamishe upande wa pili," Akurut akasema taratibu. "Ashibe."

Akiror akamgeuza. Mtoto akafunga mdomo. Akausukuma ule upande kwa mkono wake mdogo, akarudi kushoto, macho yake yametulia hewani, karibu tu na kifua cha mama yake.

Tabasamu la Akiror likaanza kufa. Akatazama titi lake la kulia. Akaliziba kwa khanga. Khanga ikavutwa, na ile harufu ya maji ya mto ikajaa chumba.

"Baba Alupo…" akanong'ona. "Upande huu ananyonya nani?"