Kitunga Hakirudi Kitupu

Mvua ilipokatika, bariera ya Masisi ilikuwa bado imefungwa, na makamyo yalikuwa yamepanga mstari toka duka la Mgiriki hadi chini ya miti ya misheni. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Sheria ya ile barabara nyembamba ya milimani ilijulikana hata na watoto: kuna siku za kushuka Walikale na siku za kupanda, na mvua ikinyesha hashuki mtu wala hapandi mtu mpaka mlinzi aridhike kwamba udongo umekauka. Basi watu walikaa. Kuku walilia ndani ya matenga, wenye mafuta ya mawese waliyatukana mawingu, na wanawake wa soko walipita kati ya magurudumu wakiuza ndizi za kuchoma na maziwa ya mgando.

Libérata aliuza mikate. Popote alipopita watu walimpisha, si kwa sababu ya mikate, bali kwa sababu ya nguo. Alivaa kikwembe cheusi cha ujane, kilichofuliwa mpaka kikaanza kugeuka kijani, lakini kimepigwa pasi, na kitambaa cheusi kichwani kimefungwa bila hata unywele mmoja kuchungulia. Kitunga chake cha kuuzia kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni kingine, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Dada," sauti ikasema kutoka juu, "ile iko chini ya kitambaa ni mikate ao ni mutoto amelala?"

Aliinua macho. Dereva wa kamyo ya bluu alikuwa ameegemea mlango: mrefu, kaptula ya kaki yenye mikunjo mikali kama kisu, soksi mpaka magotini, kofia imelala upande mmoja. Aliitwa Hubert, mtu wa Itebero, huko msituni.

"Ni mikate. Lakini haiuzwe."

"Mukate wenye hauuzwe mu soko, ni wa nini?"

Akamweleza kwamba ni ya wagonjwa wa ukoma, kule kambini karibu na Kashebere, na kwamba dereva aliyekuwa akiipeleka amehamishwa.

"Basi Mungu ameniweka hapa na hii mvua," alisema Hubert. "Miye napita Kashebere."

Libérata alimtazama toka kofia hadi viatu. "Wewe uko na njaa. Utaikula mu njia."

"Kidogo tu."

Akatoa mkate uliokuwa chakula chake mwenyewe cha mchana, akampa. "Kula huu mbele yangu. Muntu mwenye kushiba haibe."

Hubert aliula amesimama, kwa utii, kama mtoto anayenyweshwa dawa, na wanawake wa soko wakacheka. Alipomeza kipande cha mwisho aliapa kwamba sasa hata akiambiwa abebe tanuru lenyewe, atalibeba.

"Tanuru haibebwe," alisema Libérata, na uso wake, uliokuwa umeanza kucheka, ukajifunga.

Alikuwa na sababu. Tanuru lile lilijengwa na marehemu mumewe, Gustave, fundi mwashi, nyuma ya jiko la baba yake, kwa mawe meusi ya volkano na udongo, na mlango wake aliukata kwenye pipa la petroli. Homa ilimchukua kabla mkate wa kwanza haujaingia. Libérata alijua kuoka toka ujana wake jikoni kwa masista. Chachu aliitoa kwenye mashapo ya kasiksi, pombe ya ndizi, akaitunza katika chungu kama mtu anavyotunza moto. Baba mkwe wake, Papa Nzabonimpa, alimruhusu afanye biashara hiyo nyumbani kwa sharti moja: kila akioka, sehemu iende kwa wagonjwa kwa jina la Gustave.

Hivyo watu waliiita mikate ya Gustave. Padri aliisifu katika mahubiri, akamtaja Libérata kuwa mjane wa kweli, na toka Jumapili ile Libérata hakuweza kununua hata chumvi bila kusifiwa. Kila sifa ilikuwa ni mti mwingine katika ua uliomzunguka. Mtu aliyefungwa kwa kamba huomba msaada. Aliyefungwa kwa heshima atamlilia nani? Nzabonimpa hakumpiga wala hakumtukana. Alikuwa mzee wa kanzu safi na maneno machache, aliyewahi kusimamia vibarua wa barabara kule Walikale wakati wa vita na kula kwenye majiko ya watu wa msituni. Gustave alikuwa mwanawe wa pekee. Kila jioni aliketi mbele ya tanuru, akiota joto lake, na mkwewe alipopita na kuni alisema, "Wewe njo unamushika Gustave asizime."

Kuna jambo moja Masisi hulijua hata kipofu: kitunga kilicholetwa na chakula hakirudi kwa mwenyewe kitupu. Utatia maharage, utatia kiazi kimoja, ukikosa kabisa utatia ukuni. Kitunga kitupu ni neno la mwisho; maana yake tumekatana, usikanyage tena kwetu. Wagonjwa wenyewe, kwa mikono yao iliyoharibika, walikirudisha na uyoga au mwiko wa mti.

Hubert alipeleka mikate, akarudisha kitunga. Akapeleka tena. Juu ya uyoga wa wagonjwa akaanza kuweka vyake: asali ya msituni katika jani, samaki wa kukaushwa, siku moja kioo kidogo. Nyumba ya Nzabonimpa ilikuwa chini ya kona ya barabara, na alipofika pale alipiga honi mara mbili fupi na moja ndefu, na mikono ya Libérata ikasimama ndani ya unga.

"Hii kamyo ya bluu iko na kikohozi," alisema Nzabonimpa, bila kugeuka.

Kwenye bariera waliongea, hadharani, Hubert juu na Libérata chini, wakati mlinzi anaangalia mawingu. Hubert alimwita Mama Mukate. Naye alimwita Bwana Njaa. Hubert alimsimulia habari za mama yake wa Itebero, ambaye alikuwa mkali kuliko mlinzi wa bariera. Alimwuliza kama nywele zake bado ziko, maana hajaziona. Libérata akajibu kwamba ziko, ila nazo zinangoja siku ya kushuka.

Siku moja Hubert aliteremka, akavua kofia.

"Libérata. Kuya tuishi Kashebere. Nitakuoa mu kanisa, mbele ya watu wote."

Libérata alitazama kamyo ya mbele ikiwashwa. "Na mikate?"

"Utapika kule."

"Tanuru iko hapa. Nikitoka, Papa hatanipa hata jiwe moja yake. Wale wagonjwa watakula nini? Na jina ya Gustave itasemwa na nani? Watu watasema nilimuzika mara ya pili, na padri njo atakuwa wa kwanza."

"Sikuulize padri. Nakuuliza wewe."

Bariera ikainuliwa, na honi za nyuma zikaanza kulia. Libérata alisema haraka, macho chini: "Safari ya kesho kutwa, utapata kitunga yako mwenyewe. Jibu yangu itakuwa ndani. Na wewe jibu yako utaiweka mule mule."

Mkate aliouoka kwa ajili yake haukuwa wa kuuza wala wa sadaka. Aliukanda kwa ndizi mbivu na maziwa, akaupaka asali ile ile ya msituni, na alipoutoa uling'aa kama shaba. Ulikuwa mkate wa kwanza kutoka tanuru lile bila jina la Gustave. Aliukabidhi asubuhi kwenye bariera, ndani ya kitunga chake, na Hubert hakufanya mzaha.

Siku ya kupanda ilipofika, Libérata alikuwa kanisani akisafisha altare. Alisikia honi, fupi, fupi, ndefu. Alipofika nyumbani kamyo ilikwisha kwenda, maana tajiri wa mzigo alikuwa na haraka ya kufika Sake. Nzabonimpa alikuwa amesimama uani, kitunga mkononi, kimegeuzwa chini juu.

"Kitunga yako imerudi," alisema.

Libérata alikipokea, akakigeuza. Kilikuwa kimeoshwa, kikasuguliwa mpaka nyuzi zikawa nyeupe. Ndani hamkuwa na kitu. Hata jani.

Aliangalia tena, kama mtu anayetafuta sindano. Mzee alimtazama, na katika uso wake mlikuwa na kitu kama huruma, kisha akaenda kuketi mahali pake mbele ya tanuru.

Toka siku ile Libérata hakwenda tena kwenye bariera. Mikate ya wagonjwa sasa ilipelekwa huko na jirani yake Généreuse, muuza maziwa, mwanamke wa ulimi usiolala. Honi ilipolia konani, Libérata aliingiza kichwa karibu na mdomo wa tanuru, ambako moto unanguruma na kufunika sauti zote. Alikanda, akaoka, akasifiwa. Nzabonimpa alizidi kuwa mwema. Alikwenda mwenyewe dukani, akarudi na kikwembe kipya cha kumfurahisha, cha kitambaa kizito cha bei. Kilikuwa cheusi. Libérata alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alipokipima mwilini aliona kwamba kitambaa kile kingedumu mpaka uzee wake.

Huko kwenye bariera, Hubert aliuliza habari zake kila safari, na Généreuse alimpa mgongo. Mwisho alimsimamia mbele, asiweze kupita na ndoo yake, akamwomba amwambie kosa lake. Généreuse akatua ndoo.

"Wewe muntu wa pori, hauna haya. Mujane anakupikia mukate wa asali, na wewe unamurudishia kitunga kitupu? Hata mbwa tunamurudishia mufupa."

Hubert aliacha kamyo ndani ya mstari, mlango wazi, akateremka kilima kwa miguu, soksi nyeupe zikipiga matope, na honi za wenzake zikimfuata nyuma.

Libérata alikuwa anatoa mikate. Nzabonimpa alikuwa kwenye kiti chake. Hubert alisimama kati yao, akihema.

"Jambo, Papa," alisema kwanza, kwa adabu. Kisha kwa Libérata: "Mama yangu njo alikiosha. Kwa mikono yake, mu mto, na muchanga. Ule mukate tuliukula wote, tukapangusa hata makombo. Kwetu chakula ya muntu mwenye unamupenda hauachi alama yake. Unaosha kitunga, unakigeuza chini juu, unakirudisha kitupu, maana yake umekubali yote, hakukubakia kitu. Mama alisema, mupelekee vile, ajue kama ana mama ingine. Ile njo ilikuwa jibu yangu, Libérata. Sikujua kama huku ni matusi."

Mkate uliokuwa kwenye koleo ulianguka majivuni. Hakuna aliyeuokota. Libérata hakuwa akimtazama Hubert tena. Alikuwa akimtazama mzee aliyekula kwenye majiko ya watu wa msituni.

"Papa. Wewe ulikaa kule. Ulikipokea kimegeuzwa chini juu. Ulijua?"

Nzabonimpa alinyoosha kanzu yake magotini. Alinyoosha upande mmoja, akanyoosha na mwingine.

"Nilijua," alisema.

Moto ulinguruma. Barabarani honi zilikuwa bado zinalia.

"Ukienda," alisema tena, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mzee kabisa, "miye nitaota moto ya nani?"

"Gustave alijenga hii tanuru nipike, Papa. Hakuijenga nilindwe nayo." Alisema bila hasira, na hilo lilimuumiza mzee kuliko hasira. "Wagonjwa watakula. Na jina yake nitaisema. Lakini miye siko kaburi yake."

Mzee hakumbariki, hakumlaani. Libérata alipaki nguo chache, akabeba chungu cha chachu kifuani, na kikwembe kipya cheusi akakiacha juu ya kitanda kimekunjwa vizuri. Siku ya kushuka alikaa mbele, karibu na Hubert, na mlinzi wa bariera alipoona nani yumo alisahau kuangalia mawingu.

Walifunga ndoa Kashebere, Libérata amevaa kikwembe cha rangi ya kaharabu na nywele zimesukwa, ambazo Hubert alikiri kwamba ziko kweli. Mama wa Itebero alitembea msituni kuja harusini, akalalamika njia nzima. Nzabonimpa hakuja.

Hubert alijenga tanuru karibu na kambi, lakini mlango ulikuwa wa mbao, na kila mara uliungua, joto likatoroka, mikate ikatoka mibichi katikati. Libérata aliendelea hivyo hivyo, na kila alipowapa wagonjwa alisema ni mikate ya Gustave.

"Bibi yangu anapika mikate ya bwana ingine," Hubert aliwaambia madereva wenzake, "na miye njo naibeba. Mungu ananiona."

Hata hivyo bado kulikuwa na kamba moja, na Libérata aliisikia kila alipoingiza kuni. Siku moja mikate ilipotoka afadhali kidogo, alichagua mizuri, akaitia kitungani, akamwambia mumewe aipeleke Masisi, kwa Papa. Hubert aliuliza kama ana hakika. Alisema hana.

Mvua ilikuja, bariera zikafungwa, siku za kushuka zikapita bila kamyo ya bluu. Libérata alikanda. Alijiambia kwamba kama kitarudi kitupu, atajua, na kujua pia ni kitu.

Honi ililia jioni moja, fupi, fupi, ndefu. Hubert aliteremka, akazunguka upande wa pili, akavuta kitunga kutoka kwenye kiti kwa mikono yote miwili, akakileta akiwa ameinama kwa uzito.

"Hakusema kitu," alisema. "Alifunga tu kitambaa juu."

Libérata alifungua. Chini ya kitambaa, umesuguliwa masizi na kupakwa mafuta usishike kutu njiani, ulikuwa ule mlango wa pipa la petroli.